Tundu Aliloliziba Mwanabaraka

Mwanabaraka hakuwa mtu mwoga. Kwao Kikwajuni, Unguja, yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kumtoa nge chini ya mkeka, naye akimtoa kwa ncha ya kisu huku wenziwe wamepanda vitandani. Lakini nge unamwona. Baridi ya London haikuwa na umbo. Ilipita chini ya mlango, ikapenya kwenye fremu ya dirisha, ikamkuta mtu kitandani na kumkamata miguu. Miezi mitatu tu baada ya kufika, Mwanabaraka alikwisha kuanza kuiota.

Alifika Septemba ya mwaka wa themanini na moja, na mtoto wake Mwatima, wa mwaka na nusu, mgongoni. Mumewe, Himid, alikuwa ameondoka Unguja mwaka wa Mapinduzi, kijana wa miaka kumi na mitano, akakulia kwa ami yake Mombasa, kisha akaja Uingereza kutafuta maisha. Walioana Mombasa, wakakaa pamoja wiki sita, Himid akarudi kazini kwake. Mtoto akazaliwa baba hayupo. Kwa hiyo pale Southall, katika chumba kimoja cha chini kilichotazama barabara, ndipo walipoanza kuishi kama mume na mke, na kila mmoja alikuwa bado anajifunza mwenziwe anakunywa chai namna gani.

Himid alifanya kazi usiku, katika jiko kubwa linalopika vyakula vya ndegeni, karibu na kiwanja cha Heathrow. Asubuhi alirudi, akala, akalala. Mwanabaraka alibaki na mtoto na ukimya wa nyumba. Mpangaji wa juu, Mgujarati mmoja aitwaye Pradip, alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazini kwenye reli na kurudi magharibi. Kiingereza cha Mwanabaraka kilikuwa cha kuhesabu kwa vidole: asante, samahani, maziwa, bei gani, mtoto mgonjwa.

Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne, wiki ya pili ya Desemba. Himid alimwamsha aje aione, naye akasimama dirishani na kanga mabegani, akaiona imelala juu ya kuta na magari. Hakuona uzuri wake. Aliona dunia imefunikwa kama anavyofunikwa maiti, akatamka jina la Mungu kimoyomoyo.

Siku ile ile alifanya makosa mawili. La kwanza, alifua nepi na suruali ya kazini ya Himid, akavianika uani kama kawaida. Alipokwenda kuvianua, suruali ilikuwa imesimama kama mbao. Alijaribu kuikunja, nayo ikalia kama kijiti kinachovunjika, mshono ukafumuka. La pili lilikuwa baya zaidi. Aliona theluji imejaa kwenye vidaraja vya mlangoni, akaona dawa yake ni maji ya moto. Akachemsha birika mbili, akamwaga, theluji ikayeyuka mara moja, akaingia ndani amefurahi. Magharibi Pradip alirudi, akakanyaga pale yalipomwagwa maji, na pale palikuwa pamekuwa kioo. Mwanabaraka alisikia kishindo. Alipofungua mlango alimkuta Pradip amekaa chini, kashika kiuno. Pradip hakusema neno kali. Kesho yake alinyunyiza chumvi, akaondoka akichechemea.

"Hapa maji ni adui," Himid alimwambia. "Usimwage maji nje."

"Kwani hapa kisicho adui ni kipi?" Mwanabaraka akauliza.

Usiku wa kuamkia Jumatano mtoto alianza kukohoa. Jumatano asubuhi alikuja muuguzi, yule aliyekuwa akizungukia nyumba zenye watoto wadogo. Akamsikiliza Mwatima kifua, akasema maneno mengi, na katika maneno yale Mwanabaraka alishika moja tu, kwa sababu muuguzi alilirudia mara mbili huku akijikumbatia mikono: joto. Mtoto apate joto.

Mwanabaraka akalichukua kama amri. Alipika uji wa ngano mzito, akapaka magazeti, akabandika kwenye kila ufa wa dirisha. Akachana kanga yake moja kuukuu, upande mmoja akausokota, akaulaza chini ya mlango. Chumba kikawa afadhali, lakini upepo ulikuwa bado unapita juu ya kichwa chake, na hakujua unatoka wapi. Akapanda kiti, akafuata ule ubaridi kwa kiganja, mpaka nyuma ya pazia, karibu na dari, akakuta tofali moja lenye vitundu vidogo vidogo. Upepo ulikuwa unaingia pale ukipiga mluzi.

Alishangaa. Nani anajenga nyumba katika nchi ya baridi, kisha anaacha tofali lina matundu? Akachukua soksi za zamani za Himid, akazisokomeza moja moja kwa ncha ya kijiko, akazifunika kwa kipande cha boksi. Mluzi ukanyamaza. Akashuka, akawasha hita ya gesi iliyokuwa ukutani, akamkalisha mtoto mbele yake. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, akavua sweta.

Himid aliporudi Alhamisi asubuhi alisimama katikati ya chumba na koti lake bado lina theluji, akacheka. "Umekuwa fundi," akasema. "Hata jikoni kwetu hakuna joto kama hili." Mwanabaraka alifurahi kwa sifa ile kuliko alivyokwisha kufurahia kitu chochote tangu aje.

Siku hiyo hiyo ndipo kichwa kilipoanza kumuuma. Kilimuuma kama mtu aliyefungwa kitambaa kwenye paji la uso na kitambaa kikawa kinakazwa. Mtoto alitapika maziwa mara mbili. Himid aliamka alasiri akasema mwili wake mzito, akaenda kazini akiburuza miguu. Mwanabaraka akawaza, labda ni ujauzito. Akawaza, labda ni mafua ya mtoto yametuingia sote. Akaongeza moto. Mwanzo ule moto ulikuwa unawaka kwa rangi ya buluu. Sasa ulikuwa wa njano, unacheza cheza, na yeye akaupenda zaidi hivyo, kwa kuwa ulifanana na moto wa kuni.

Ijumaa theluji ilirudi, na safari hii haikuwa ya mchezo. Ilianguka tangu alfajiri, vipande vikubwa, bila ya sauti. Himid alifika saa mbili na nusu, kachelewa kwa sababu basi lilikwama. Alikula kipande cha mkate, akaacha chai.

"Kichwa kinanipasuka," akasema. "Niamshe saa sita, nende Ijumaa."

"Kwa theluji hii?"

"Niamshe tu."

Akalala. Mwatima naye alikuwa amelala, kajikunja ubavuni mwa baba yake, mashavu yana joto. Mwanabaraka alitazama dirisha akaona uji umelowa, magazeti ya pembeni yanabanduka. Ubaridi ulikuwa unarudi. Duka la vifaa vya nyumbani lilikuwa barabara kuu, mwendo wa dakika kumi na mbili; alikwisha kuona pale selotepu pana, ya kahawia. Alifikiri kumchukua mtoto. Akakumbuka Pradip alivyokaa chini kashika kiuno, akajiona yeye anaanguka na mtoto mikononi, kichwa cha mtoto kinagonga barafu. Akasema, bora abaki. Abaki na baba yake kwenye joto.

Akavaa koti na viatu vya mpira. Akatoka, akafunga mlango wa chumba taratibu, kisha akachuchumaa ukumbini na kuusukuma ule upande wa kanga kwa vidole mpaka ukaingia vizuri chini ya mlango. Ilikuwa saa nne kasorobo.

Njiani alikwenda kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Aliweka mguu, akasubiri, akaweka mwingine. Watu walikuwa wachache, kila mmoja kainama. Baada ya muda aligundua kitu kilichomshangaza: kichwa kilikuwa hakimuumi tena. Akavuta pumzi, ile hewa ikamkata kifuani kama wembe, lakini macho yakawa meupe. Akajisemea, labda baridi nayo ina dawa yake.

Alianguka hatua tano kutoka dukani. Hakujua hata alivyoanguka. Aliona mbingu tu. Kifundo cha mguu wa kushoto kikajipinda chini yake, mkoba ukatupwa, vitu vikamwagika kwenye theluji. Mtu mmoja akamruka akapita. Mwanabaraka alijaribu kuinuka akashindwa, na machozi yakamtoka kwa hasira zaidi ya maumivu.

"Mama yangu, mguu wangu," akasema kwa sauti, hamwambii mtu.

"Pole, mama. Ngoja. Wewe usisimame."

Alidhani kichwa kimeharibika. Aliyemwinamia alikuwa mwanamke wa Kipunjabi wa miaka hamsini hivi, kavaa sweta la mwanamume juu ya nguo zake za kwao, mkononi ana ndoo ya chumvi. Akamshika Mwanabaraka chini ya makwapa, akamwinua kwa nguvu ambazo hazikufanana na umbo lake, akamwingiza dukani, akamkalisha juu ya sanduku la misumari. Akarudi nje akaokota mkoba, akauleta.

"Wewe toka Mombasa?" akauliza.

"Unguja."

"Mimi zaliwa Kisumu. Jina yangu Surinder. Sasa miaka kumi na tatu hapa, na kila baridi mimi naona watu naanguka mbele ya duka yangu."

Kiswahili kile, kama angekisikia Unguja, Mwanabaraka angekwenda kukisimulia nyumbani watu wacheke. Pale kwenye sanduku la misumari alikisikia kama maji kwa mwenye kiu. Surinder alimfunga mguu kwa kitambaa, akamletea chai ya maziwa iliyopikwa na iliki, na Mwanabaraka akaongea. Alikuwa hajaongea na mwanamke mwenziwe tangu Septemba. Alieleza habari ya suruali iliyosimama na maji ya moto ya mlangoni, Surinder akacheka mpaka akajifuta macho. Mumewe, Mohinder, mzee wa kilemba cheupe, alikuwa anapanga machepe ya theluji kwenye kona.

"Sasa wewe nakuja kununua nini, siku mbaya kama hii?"

"Selotepu, ile pana. Dirisha linavuja upepo, na mtoto ana kikohozi."

"Pole. Nakohoa sana?"

"Kikohozi si kikubwa. Lakini jana katapika, na baba yake kichwa kinamuuma, na mimi pia. Sote watatu. Ila mimi ajabu, nilipotoka tu nje kikaacha."

Mkono wa Surinder uliokuwa ukinyoosha selotepu ukasimama hewani.

"Iko moto gani ndani ya nyumba?"

"Hita ya gesi. Ya ukutani."

"Moto yake rangi gani?"

Mwanabaraka akafikiri. Swali lilikuwa geni. "Mwanzo ilikuwa buluu. Sasa ya njano. Nzuri."

"Na juu kwa ukuta, iko tofali na matundu. Iko wazi?"

Hapo Mwanabaraka, kabla ya kujibu, aliinua macho kutoka kwenye kikombe. Aliona uso wa Surinder, na ule uso haukuwa tena uso wa mtu aliyekuwa akicheka.

"Nimeliziba," akasema. "Nimeliziba kwa soksi. Juzi."

"Nani iko ndani sasa?"

"Baba yake na mtoto. Wamelala."

Surinder alimgeukia mumewe akasema maneno matatu au manne ya Kipunjabi, kwa sauti ya chini. Mohinder aliacha machepe, akachukua moja, akachukua funguo za gari ukutani. Surinder alikwisha kushika simu. Mwanabaraka alimsikia akitaja jina la barabara baada ya kumuuliza, nambari ya nyumba, kisha akirudia, kisha akirudia tena kwa ukali. Alipoweka simu chini alisema, "Ambulansi nakuja, lakini iko theluji kila mahali. Sisi natangulia."

Garini ndipo Mwanabaraka alipouliza. Gari lilikuwa la kubebea mizigo, wamebanana watatu mbele, na vioo vinaganda upesi kuliko Mohinder alivyovifuta.

"Niambie ni nini."

Surinder alimshika mkono. "Moto ya gesi ikikosa hewa natoa sumu. Hakuna harufu, hakuna moshi. Mtu nasikia kichwa, nasikia usingizi, nalala."

"Halafu wanaamka?"

Surinder alitazama mbele. "Wengine naamka," akasema.

Mwanabaraka hakulia. Alikuwa anahesabu. Ametoka saa nne kasorobo. Saa ya dukani, alipokuwa anakunywa chai, ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano. Alikunywa chai. Alicheka. Aliomba kuongezewa sukari. Kila tendo alilolifanya kwenye lile sanduku la misumari likamjia moja moja, na kila moja alilipima kwa pumzi za mtoto.

Barabara kuu ilikuwa imemwagiwa chumvi, lakini ya kwao haikuguswa. Gari lilipokata kona liliteleza, likaenda ubavu ubavu kama kaa, likagonga ukingo wa njia na kunyamaza. Mohinder alijaribu mara mbili. Magurudumu yalizunguka mahali pamoja. Akazima, akafungua mlango, akashuka na chepe lake begani, akaanza kwenda. Mwanabaraka alimfuata, mkono shingoni mwa Surinder, anaruka kwa mguu mmoja. Kila alipokanyaga ule mwingine aliona nyota. Nyumba zilikuwa ishirini kufika kwao, na zote zilifanana. Alisoma kila dua aliyoijua, akazichanganya, akaanza tena.

Mlangoni akatia mkono mfukoni. Akatia mwingine. Akafungua mkoba akaumwaga wote juu ya theluji.

"Funguo," akasema. "Sina funguo. Zimeanguka kule nilipoanguka."

Mohinder akabonyeza kengele, akagonga. Nyumba ilikuwa kimya. Mwanabaraka akajiburuza mpaka dirishani, akapiga kioo kwa viganja viwili. "Baba Mwatima. Baba Mwatima, amka. Himid." Pazia lilikuwa limefungwa, na kwenye ukingo wake aliona mwanga wa njano wa ule moto ukicheza. Hapana kilichotikisika. Alikuwa anapiga kioo, na mbele ya macho yake yalikuwa yale magazeti aliyoyabandika kwa mkono wake, yamenyooka, hayana hata kasoro.

"Rudi nyuma, mama," Mohinder akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya Kiswahili siku ile.

Akapiga kioo kwa chepe, mara moja chini, mara moja juu, akazungusha chepe kusafisha vipande kwenye fremu. Akavuta pumzi ndefu kama mtu anayezamia, akapanda, akaingia. Mwanabaraka alisikia viatu vyake, akasikia kiti kinaanguka. Kisha kimya. Surinder alikuwa amemshika kiunoni asiingie.

Mohinder akatokea dirishani akiwa na mtoto.

Alimkuta kwenye mlango wa chumba, kwa ndani. Mwatima aliamka, au hakuwa amelala vizuri, akashuka kitandani kumtafuta mama yake, akafika mlangoni ambako kitasa hakukifikia. Pale chini aliona kanga ya mama yake. Akaivuta, akaikumbatia, akalala kifudifudi juu yake, na uso wake ukawa kwenye ule ufa wa chini ya mlango ambao Mwanabaraka aliuziba kwa vidole alipokuwa akitoka. Daktari baadaye alisema, ule ufa ndio uliomponya.

Lakini wakati ule Mwanabaraka hakujua hayo. Alijua tu kwamba mtoto aliyewekwa mikononi mwake alikuwa hana mfupa. Kichwa kilikwenda huku na huku. Akakaa chini kwenye theluji, akamlaza mapajani, Mohinder akamtupia koti lake. Akampuliza usoni, akamwita kwa jina, akamwita kwa jina la bibi yake, ambalo ndilo hilo hilo, akamsugua mgongo. Surinder alimgeuza kichwa upande. Dakika ile, na Mwanabaraka aliapa mpaka uzee wake kwamba ilikuwa ndefu kuliko ujauzito wote, hapakuwa na kitu duniani ila theluji inayoangukia kope za mtoto na kope zisizopepesa. Kisha Mwatima akatapika. Akavuta pumzi iliyokwama, akatapika tena, akaanza kulia, kilio chembamba cha paka mchanga.

Himid alitolewa kwa mlango wa mbele. Mohinder alikwisha kuzima hita na kufungua milango, akambeba mpaka ukumbini, na jirani mmoja wa mbele akaja kusaidia. Walimlaza nje juu ya blanketi. Alikuwa anapumua, lakini pumzi yake ilikoroma, na hakusikia alipoitwa wala alipofinywa. Ambulansi ilifika baada ya dakika arobaini, na minyororo kwenye magurudumu.

Mtoto alikaa hospitali siku mbili. Himid aliwekewa hewa safi usoni, na hakufumbua macho mpaka Jumamosi alasiri. Mwanabaraka alikuwa hawezi kurudi kwenye kile chumba, na hata angeweza, hapakuwa na dirisha. Surinder alimpa chumba juu ya duka. Hakumuuliza kama anataka. Alimtandikia kitanda tu.

Jumatatu mkaguzi wa gesi alikuja kwenye ile nyumba, na mwenye nyumba akaja pia, na Surinder akaenda kuwa ulimi wa Mwanabaraka. Mkaguzi alitia mkono katika bomba la moshi nyuma ya hita, akatoa vijiti, manyoya na tope. Njiwa walijenga humo, pengine zamani. Kisha akapanda kiti, akatoa soksi kwenye tofali, moja moja, akazipanga sakafuni.

"Nasema bomba lilizibwa na ndege," Surinder akatafsiri, "na tundu lilizibwa na mtu. Nauliza nani aliziba tundu."

Mwenye nyumba alikuwa hajatazama kabisa yale manyoya. Alikuwa anazitazama soksi. Mwanabaraka alijua kwamba angeweza kusema hajui. Nyumba ilikuwa na wapangaji wengine kabla yao.

"Mwambie ni mimi," akasema.

Jambo lililombakia lilikuwa Himid. Alikuwa ameamka, anajua jina lake na la mkewe, lakini mikono ilimtetemeka na akili ilikuwa haishiki kitu. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda nyingine isirudi. Jumanne, Mwanabaraka alikaa kando ya kitanda akamweleza yote, tangu muuguzi mpaka kanga chini ya mlango.

"Ni mimi niliyeliziba," akasema.

Himid alimpapasa mkono. "Usilie. Hukujua." Mwanabaraka akarudi kwa Surinder, akalala usingizi wa kwanza tangu Ijumaa.

Jumatano alipofika, Himid alimuuliza, "Imekuwaje mimi nikawa hapa?"

Alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, akaeleza upya. Safari hii uso wa Himid ulibadilika. "Hukuuliza mtu?" akasema. "Unaona tofali limetobolewa na fundi, huulizi kwa nini? Mtoto wangu angekufa." Akageukia ukutani mpaka wakati wa kuona wagonjwa ukaisha.

Alhamisi alikuwa kasahau msamaha na kasahau hasira. Alimpokea mkewe kwa tabasamu, akauliza imekuwaje. Mwanabaraka akawa anaogopa kufungua mlango wa ile wodi, kwa kuwa hakujua ndani atamkuta Himid yupi.

"Wewe nyamaza," Surinder alimshauri. "Sema ndege aliziba bomba. Siyo uongo. Yeye nasahau, Mungu nampa nafasi ya kusahau, wewe nataka kumkumbusha ya nini?"

Ijumaa, wiki moja kamili, Himid aliuliza tena. Mwanabaraka akasema, "Njiwa walijenga kwenye bomba la moshi." Himid akatikisa kichwa. "Njiwa," akasema, "pumbavu zao." Ikaisha hapo. Lakini jioni ile Mwanabaraka alikisukuma kando chakula alichopikiwa na Surinder. Kila alipomeza aliona zile soksi sakafuni na mwenye nyumba akizitazama. Akaona kwamba ataishi na mtu huyu miaka mingi, inshallah, na kila theluji itakapoanguka Himid atawalaani njiwa mbele yake, naye atainamisha kichwa.

Jumamosi alichechemea mpaka hospitali amevaa koti la Surinder, lililomfika vifundoni. Himid alikuwa amekaa, kikombe mkononi, na mkono haukutetemeka sana.

"Himid," akasema kabla hajakaa, "jana sikukwambia yote. Lile bomba ni kweli. Lakini na tundu la hewa pia..."

"Ushanambia."

Mwanabaraka akasimama. "Lini?"

"Sijui siku gani. Ulikuwa umevaa hilo koti, umekaa hapo, unalia." Himid akaweka kikombe chini kwa uangalifu. "Mimi nilisema nini?"

Angeweza kuchagua. Alishika chuma cha kitanda.

"Mara ya kwanza ulisema sikujua, nisilie. Mara ya pili ulikasirika. Ulisema mtoto wako angekufa."

Himid alitazama dirisha. Nje paa za nyumba zilikuwa bado nyeupe, na theluji ya barabarani imekuwa tope jeusi. Alizitazama muda mrefu, mpaka Mwanabaraka akaogopa kwamba amekwisha kusahau tena walikuwa wanazungumza nini.

"Basi yote mawili," akasema. Kisha akamsogezea kiti kwa mguu. "Kaa, usisimamie mguu mbovu. Kesho niletee mtoto."

"Njiani kuna barafu."

"Mje polepole," Himid akasema.